Uyoga wa Shemeji

"Anza wewe, shemeji," alisema yule bwana, akalisukuma bakuli la uyoga mbele ya mjane wa kaka yake.

Mjane hakubishana. Alichota kijiko kikajaa, akatafuna, akameza, akaachama kama mtoto mbele ya daktari wa meno. Ndipo shemeji akalivuta bakuli na kulifakamia, mchuzi ukimchuruzika kidevuni.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, alimtoa mjane na watoto wake wawili kwenye nyumba yao ya mbao ya ghorofa moja, akawatupa katika kibanda cha kuni nyuma ya kiwanja, kwenye miti. "Nyumba ni ya ukoo," alisema. "Wewe ulikuja na begi tu."

Neno hilo la begi lilimchoma mjane kuliko kufukuzwa kwenyewe. Aliapa kwamba mtu huyu hataifaidi nyumba ile. Hakuwa na haraka. Polepole ndiyo mwendo.

Huko kwenye miti aliokota uyoga wa porini, ule mweupe unaoota kwenye magogo. Vichwa vilivyokomaa alivilowesha ndani ya ndoo, akatia chumvi chembe na sukari kidogo, akaviacha mpaka vikamwaga mbegu zake, laini kuliko vumbi. Maji hayo akayamimina kwenye magogo aliyoyatoboa matundu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: mwenzetu anamwagilia kuni! Mvua ziliponyesha, kuni zikachanua, na waliocheka wakaja na vikapu kununua. Wakambatiza Mama Uyoga.

"Mbolea unatia gani?" shemeji aliuliza siku moja.

"Hautaki mbolea. Huu hauli udongo, unakula mti. Ukishiba, gogo unalitoboa kwa kidole."

"Basi niletee mwingine kesho."

Alimletea. Na kwa kuwa mkosaji hakosi ujeuri, shemeji alimwamuru pia awe anakuja kila wiki kumpigia deki, ndiyo shukrani ya kuachiwa kibanda. Mama Uyoga alipanda juu na ndoo yake, akapiga magoti, akasugua vyumba vyote, na maji hakuyabania.

"Unapiga deki au unafuga samaki?" shemeji alimtania.

"Mbao zikikauka sana zinapasuka, shemeji."

Miaka ikapita, bakuli baada ya bakuli. Hatimaye ikaja siku ambayo shemeji alikula bila kumwambia aanze yeye. Mama Uyoga alicheka moyoni. Chuki yake ilikuwa bado mbichi kama siku ile ya begi.

Kisha, alasiri moja, shemeji akaja mwenyewe mpaka kwenye magogo, macho mekundu.

"Ungetaka kuniua ungeshaniua," alisema. "Nimekutendea unyama, nawe ukanilisha kwa mkono wako miaka yote hii. Kila nikila nasikia aibu. Nisamehe, shemeji." Akamtia ufunguo kiganjani. "Nimeshahamisha vitu vyangu. Nyumba ni yako na wanao."

Mama Uyoga alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuombwa msamaha.

"Watoto wakitoka shule nitawaambia," alisema.

"Wanajua! Nimewapokea mimi mwenyewe getini. Wako ghorofani hivi sasa, wanarukaruka kwenye vitanda. Nenda ukawaone wanavyofurahi!"

Ufunguo ukamponyoka. Alitimua mbio miguu mitupu kuelekea kwenye nyumba, akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje, wanangu!" Maji aliyopigia deki ghorofa ile miaka yote yalikuwa yale yale ya mbegu za uyoga aliyomwagia magogo.