Hirizi ya Darini

Mama Lusia alipanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari na kumulika kwa tochi ya simu. Alikuwa anatafuta hirizi. Lusia alikuwa akiamka kila siku ana alama za kuumwa mwili mzima, na mganga alishasema mchawi ni mama mkwe, mama yake Baba Lusia, yule mwenye macho mekundu.

Hirizi haikuwepo. Popo walining'inia kwenye kenchi za paa, na chini yao kunguni walijaa kwenye nyufa za mbao. Aliminya mmoja. Damu mbichi ikampaka kidole.

"Baba Lusia! Ni kunguni wa popo!"

Hakuwepo chumbani.

Akaruka chini. Nyuma ya mlango, panga la mumewe lililokaa hapo siku zote halikuwepo.

Kutoka nyumba ya uani akasikia sauti ya mama mkwe, imejaa furaha:

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."