Hodi ya Bi Mwanahawa

Siku hizi hodi hupokewa na kompyuta ya nyumba. Humpekua mgeni kwanza: simu, saa, miwani, chochote chenye programu ndani. Kisichosasishwa hakiingii, maana humo ndimo virusi hujificha, na kikipenya kimoja hujinakili nyumba nzima.

Bi Mwanahawa alitoka Korogwe kuja kumwona mjukuu. Simu aliiacha kwa mlinzi bila kunung'unika. Mlango ukabaki umefungwa.

"Kifuani una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo," kompyuta ikamwambia. "Programu yake ni ya miaka sita iliyopita. Waliokitengeneza walishafunga kiwanda."

Zaituni, bintiye, alisimama ndani, upande wa pili wa kioo cha mlango. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, na kitanda kinachompa joto kinaendeshwa na kompyuta hiyohiyo, kwa hiyo hatolewi nje.

"Shikamoo mama. Nisamehe, akikua nitamleta."

"Akikua lini? Mie nimekuja na kanga za kumbebea." Bi Mwanahawa akaweka kikapu chini. "Na wewe unayesema humo, nikikizima je?"

"Kifaa kilichozimwa hakina hatari."

"Mama, usifanye hivyo!"

"Dakika kumi tu, Zaituni. Kabla hawajanitia hiki si nilikuwa natembea?"

"Ulikuwa unaanguka, mama."

Bi Mwanahawa akapitisha mkono chini ya mtandio, akabonyeza kitufe kilicho chini ya ngozi. Taa ya mlango ikageuka kijani.

"Karibu, Bi Mwanahawa," kompyuta ikasema. "Sasa uko salama."