Suluhu ya Tandala

Kenge alikula mayai ya Kanga. Kanga akamshtaki kwa Tandala, msuluhishi aliyesifiwa kwa kumaliza kila kesi kwa amani. Kenge akalia, akaomba radhi.

"Msamehe, mwanangu," Tandala akasema. "Na kwa desturi yetu, leo mle sahani moja nyumbani kwako."

"Lakini mzee, nimehama ili asijue ninapotagia."

"Kwa hiyo unataka tuseme una kinyongo?"

Kanga akaona haya, akawaongoza hadi kwenye kiota kipya. Wakala, Tandala akashangiliwa.

Kulipokucha, hapakuwa na yai hata moja. Safari hii Kanga hakwenda kwa yeyote.

Tandala alipogombea uongozi wa mbuga, aliwaambia wanyama, "Mimi nikipatanisha, nimepatanisha. Kanga hajalalamika tena."

Wakamchagua.