Mazoezi ya Mazishi

"Haya, nizikeni," alisema Mwalimu Ambilikile.

Alikuwa amelala chali juu ya benchi mbele ya altare, pale linapowekwa jeneza. Alifumba macho, akakunja mikono kifuani. Wanakwaya wa parokia yao pale Tunduma walitazamana, kisha wakaanza ule wimbo wa kale wa Kilatini wa kumsindikiza marehemu kaburini, wa kuomba malaika wampeleke peponi.

Hawakufika mbali.

"Paradisum!" maiti akafoka. "Si paladisumu! Mnanipeleka wapi?"

Wakacheka. Yeye hakufumbua macho.

"Na besi msiburute. Rabson, unaimba kama umebeba gunia la kahawa mlimani. Rudieni. Siku yenyewe sitakuwa na nguvu za kuwasahihisha."

Kicheko kikakatika.

Wimbo wenyewe haukuwa na kinanda wala ngoma, sauti moja tu inayopanda na kushuka taratibu, na wao walizoea kuimba wakicheza. Siku nyingine wangenung'unika. Lakini mwalimu alikuwa amekonda, suruali imebaki kushikiliwa na mkanda. Kila wiki alipanda basi kwenda Mbeya. Akiulizwa, alisema anakwenda kumsalimia mkewe, Leah, aliyekuwa kwa binti yao Eva akimsaidia kulea mtoto mchanga.

Kisha Rabson alimpeleka shangazi yake kutibiwa Mbeya, akamwona mwalimu anatoka wodini, macho mekundu. Hakumsemesha. Aliporudi akawanong'oneza wenzake.

Tangu hapo hakuna aliyechelewa mazoezini. Ferista, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa akifunga kibanda chake cha vitenge mpakani hata wateja wakiwa wamesimama. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, tuambie ukweli. Unaumwa?"

"Naumwa uzee. Na sauti. Juzi nimeimba bafuni, jirani akaja kuuliza lori gani limekwama."

"Sasa wimbo huu ni wa nani?"

"Wa mtu ninayempenda kuliko wote."

"Kumbe unajipenda hivyo, mwalimu," Ferista alisema, machozi yakimlenga.

"Kupita kiasi, mwanangu. Haya, toka mwanzo."

Akalala tena benchini, wakaimba. Siku ile, kwa mara ya kwanza, sauti zao zilikuwa moja kweli, na mwalimu aliendelea kulala pale benchini muda mrefu baada ya wao kunyamaza. Hakuwa na la kusahihisha.

Wiki iliyofuata, mchana, mwenyekiti wa jumuiya alituma ujumbe kwenye simu: kuna msiba nyumbani kwa Mwalimu Ambilikile. Ferista hakusubiri kuuliza zaidi. Alifunga kibanda, akakutana na Rabson na wenzao njiani, wakaenda wote wakilia. Rabson alikuwa akijilaumu kwamba siku ile hospitalini hata shikamoo hakumpa.

Uani turubai lilikuwa limeshafungwa. Kina mama walikuwa wameketi mikekani. Upande wa wanaume, mzee mmoja mwembamba aliinuka kwenye kiti, akaja kuwapokea.

Alikuwa Mwalimu Ambilikile.

"Kesho mtaimba wenyewe," aliwaambia. "Leah aliniomba mimi nisiimbe. Alisema siku hiyo angependa kupumzika."