Kinywaji cha Wakubwa

Bata na kanga walikuwa na desturi moja: wakienda dimbwini, wakubwa hutangulia. Wakubwa walikuwa bata. Kanga walifuata nyuma wakila vumbi, wakafika na kunywa matope yaliyobaki.

Siku moja kanga walichoka. Waliwapita bata mbio, wakanywa maji safi yote.

Mzee Bata alipofika akayaonja matope, akatema kokoto, akasema, "Afadhali. Matope ndiyo kinywaji cha wakubwa."

"Matope hayo ni yetu tangu enzi za mababu!" akafoka Bi Kanga. "Hatukubali kunyang'anywa!"

Bata wakabisha, wakanuna, mwishowe wakasalimu amri. Kesho yake walitangulia dimbwini shingo upande, na nyuma yao, ndani ya vumbi, kanga walikuja wakishangilia ushindi.