Dubu wa Bois de la Cambre

Watu walikuwa wakitoka kwenye msitu wa Bois de la Cambre, watoto mabegani, mbwa wamefupishiwa kamba. Kipaza sauti cha polisi kilirudia: tembeeni, msikimbie, mkimwona dubu, msimpe mgongo.

Polycarpe alitoka nao, kola ya koti lake jeusi la manyoya ameipandisha mpaka masikioni.

"Mweusi tii!" alisema mama mmoja mwenye kigari cha mtoto. "Amesimama kwa miguu miwili, amejipiga kifua, halafu ameanguka tena chini, ananguruma."

Polycarpe akatazama viatu vyake.

Kiwanda cha magari alikofanya kazi kilipofungwa, alimwambia mke wake, Kahambu, kwamba amepata kazi ya depo, ghala la mizigo. Uongo. Kila asubuhi alibeba chakula alichofungiwa, akaja huku msituni kumlilia Mungu. Kwao Butembo watu hupanda mlimani kuomba, wakapaza sauti, na hakuna anayeshtuka. Hapa, ukiomba hivyo nyumbani, jirani anagonga ukuta.

Akampigia Kahambu simu, asikie tu sauti yake. Hakupokea. Atakuwa kazini, mtaa wa Flagey, akimtunza mama mzee wa Kibelgiji, na huko simu hukaa mfukoni. Afadhali.

Ndipo akaona wanaume wawili wanashusha bunduki garini. Akamwendea polisi kijana, Emmanuella, ambaye wazazi wake ni wa Lubumbashi na alikuwa akiwatuliza Wakongomani kwa Kiswahili.

"Mutoto wangu, uwaambie waache. Ile dubu ni mimi."

"Papa, umekunywa?"

"Hapana. Nilikuwa naomba. Kazi sina, na bibi yangu hajue. Nakusihi, musimuite."

Emmanuella alikaza midomo asicheke. "Bon. Ulikuwa upande gani?"

"Karibu na ziwa."

"Alors si wewe, papa. Ile iko ng'ambo kabisa, na hata sasa wanaisikia inanguruma."

Kumbe dubu yupo! Polycarpe alitamani kuyameza maneno yake. Siri aliyoificha miezi yote ameimwaga bure, mbele ya mtoto ambaye pengine anasali kanisa moja na shemeji zake.

"Donc na mimi sijasikia kitu," Emmanuella alisema, akageukia redio yake.

Bunduki zilirudishwa garini bila kufyatuliwa. Mama wa kigari alirudi kwenye nyasi, akatandika blanketi lake upya. Emmanuella alimaliza zamu na hakumwambia mtu. Mama mzee wa Flagey alikuwa ameshazikwa tangu Februari. Dubu alitoka kwenye miti mwenyewe, mwanamke mwenye koti jeusi, mikono juu, kitambaa cha kichwa kimelegea, sauti imemkauka kwa kuomba. Polycarpe na mke wake walirudi nyumbani, mtaa wa Forest, kwa tramu moja, kila mmoja akitazama dirisha lake.