Mipini Miwili Juu ya Kaunta

Niliitupa mipini miwili ya visu juu ya kaunta. Yote ilikatikia palepale, chuma kinapoingia kwenye plastiki.

"Vyote nilinunua kwako," nilimwambia muuza vifaa. "Mimi nawafyekea njia wapima ardhi. Nakata mizizi, nachonga vigingi. Simenyi viazi."

Akanitolea kisu cha rangi ya jeshi, chenye dira kwenye mpini. Kisha chenye meno ya msumeno. Nikakigonga kwenye kaunta. Mpini ukalia kama kopo.

"Nataka chuma kifike mpaka mwisho wa mpini. Nikione kwa macho yangu."

"Shangazi, unachagua kisu au mchumba?"

Nikamsukumia kisu chake.

"Basi subiri, kuna mzigo mpya." Akaburuta sanduku la mbao, akachomoa kisu chini ya kaunta: cheusi, kimechakaa, mpini umebanwa kwa ribiti tatu, chuma kikionekana hadi kitakoni. Akakichomeka chini ya ubao wa kifuniko cha sanduku, akakiegemea kwa uzito wake wote. Misumari ikang'oka. Kisu hakikupinda hata kidogo.

"Nipe hicho."

Akakitazama, akanitazama, akashangaa kweli.

"Hiki? Hiki hakiuzwi, shangazi. Hiki ni cha kazi."